Kipimo

Mimi hupima watu.
Kifua, kiuno, mkono toka bega hadi kiwiko,
futi shingoni kama nyoka aliyefugwa,
Kadutu, juu ya soko, mlango wa bluu, cherehani moja.
Mwenye bega lililoshuka namjua kabla hajaketi.
Mwenye mimba ya kuficha, kitambaa huniambia.
Kwa Murhula wangu tu
sikuwa na futi.

Mwaka wa nne wa primeri, na b bado humgeukia d
kama mikono ya shati imelala mezani:
wa kulia, wa kushoto, taa ikififia unakosea.
Lakini shati hufumuliwa.
Diktee haifumuliwi.
Inarudi na wino mwekundu, sifuri juu ya kumi,
na chini yake neno moja la mwalimu Zihindula
ambalo Murhula alikataa kunisomea.
Nikalipeleka kwa jirani.
"Ni Kifaransa," akasema, "maana yake mvivu,"
akanirudishia kaye akiishika kwa ncha,
kama samaki wa jana.

Mvivu!
Anayepanda ngazi za mtaa alfajiri na bidoni ya maji,
aliyefumua redio ya mjomba akairudisha ikiongea,
anayekata kola bila chaki.

Tulianza na macho.
Daktari akasema: macho haya yangehesabu sambaza ziwani usiku.
Masikio, mazima.
Mchungaji akataka siku tatu za kufunga; tukafunga.
Siku ya nne, diktee: sifuri.
Shemeji akasema ni mkono wa mtu.
Mkono wa nani, nikamwuliza,
wenye muda wa kugeuza herufi moja moja?

Halafu mteja mmoja, nikimpima kiuno, pini mdomoni,
akataja chumba huko Nguba, nyuma ya zahanati,
na mwanamke anayepima kusoma.
Nusura nimeze pini.
Kusoma kunapimwa?

Madamu Nsimire hakuwa na mashine.
Penseli, saa ya mkononi, kadi zilizochakaa pembe.
Piga makofi ndani ya neno, akamwambia.
Sa-mba-za.
Toa "ki" kwenye "kiberiti": kinabaki nini?
Kimya. Mvua ikaanza juu ya bati, ikaisha.
Akampa maneno yasiyo na maana, lufa, bido, dipu,
ili asipate pa kubahatisha.
Kisha akamwuliza redio hufanyaje kazi,
na mwanangu akaongea hadi saa ikasahauliwa.

Asubuhi mbili.
Mwishoni hakusema ugonjwa.
Alisema disleksia, akalirudia polepole;
kwamba haitoki kwa dawa wala kwa fimbo,
kwamba atasoma, sauti baada ya sauti, kidogo kila siku,
na apewe muda zaidi siku ya mtihani.
"Ni mtoto mwerevu."
Murhula akatazama viatu vyake.

Kisha akauliza, kalamu ikisubiri:
mara nyingi hupita katika damu.
Nyumbani kuna mwingine?

Nikafungua mdomo kumtaja marehemu baba mkwe.
Mkoba ulikuwa magotini.
Ndani yake nyuzi za wateja, kila mtu uzi wake,
fundo la kiuno, mafundo mawili ya kifua, matatu ya bega.
Miaka kumi na sita sijaandika namba hata moja.
Watu husema: Mama Murhula ana kichwa!
Sista alinipiga vidole hadi mwaka wa tatu,
nikaacha masomo, nikashika sindano.

Nikatoa uzi mmoja, nikauweka mezani.
Madamu hakuuliza ni nini.
Akaandika.

Barua ya direkta ilikuwa na pande mbili,
Kifaransa huku, Kiswahili kule, na bahasha haikugundishwa.
Njiani kupanda Kadutu tukaketi kwenye ngazi.
Yeye neno, mimi neno.
Kidole chake, changu.
Mwa-na-fu-nzi.
Mbeba makaa akatutukana kwa kuziba njia,
tukasogea bila kuinua kichwa.
Giza lilitukuta
mstari wa tatu.