Ukingo wa Picha

Kabla ya vita Ghamdan alipiga picha za pasipoti
na za maharusi, chumbani penye pazia la buluu,
mkabala na muuza jibini, mjini Taizi.
"Kidevu juu kidogo. Usicheke, serikali haipendi."
Kombora lilichukua pazia, na stuli,
na ukuta uliokuwa nyuma ya pazia.
Kamera siku ile ilikuwa nyumbani,
binti yake akiifuta lenzi kwa upindo wa gauni.

Mhariri wa ng'ambo humwandikia:
tunahitaji moshi, tunahitaji nyuso, karibu zaidi.
Yeye hutuma alichokiona.
Kinyozi amnyoa mteja kwa kioo cha pikipiki.
Shati la shule lakauka kwenye nondo za dari iliyoporomoka.
Foleni ya maji: madumu ya manjano mia na ushei,
yamefungwa kamba yasiibiane zamu,
na wenyewe wamejibanza upande ule wa ukuta
ambao mlenga shabaha wa mlimani haufikii.

Huyo wa mlimani naye hufumba jicho moja,
naye huzuia pumzi kabla ya kidole kushuka.
Ukitaja kazi zao, kitenzi ni hichohicho: kupiga.
Ghamdan halipendi jambo hili.
Ndiyo maana kamera huiinua polepole,
baada ya salamu, baada ya kuuliza mama kaamkaje,
na unga, je, umepatikana?

Jumanne moja mwanamke akamsimamisha.
"Wewe ndiye wa picha?"
"Ndiye."
"Mimi Taqiyya. Mwanangu Nashwan.
Ulikuja siku ya maji, mwezi wa Shaabani. Alikuwapo."
Hakulia. Alisema kama mtu anayedai chenji yake.
Simu ya kijana ilikwenda naye.
Picha ya pasipoti hakuwahi kupiga; hakuwa na safari.

Usiku, betri ya sola ikiwa imebakiwa na kikombe cha umeme,
Ghamdan akaifungua siku ya maji.
Picha mia mbili na kumi na nne.
Madumu. Madumu. Paka juu ya dumu.
Msichana akokotoa hesabu za sehemu, daftari gotini.
Na katika ile moja iliyonunuliwa,
iliyofika hadi kwenye magazeti ya miji asiyoijua,
kule ukingoni, kushoto, pasipotazamwa na mtu:
sikio. Nusu ya shavu. Pembe ya mdomo
inaanza kucheka kitu kilichoko nje ya picha.

Akaikuza hadi ngozi ikawa chembechembe,
mtama uliomwagwa mkekani.
Akaichapa. Wino mwekundu ulikuwa umekwisha,
uso ukatoka na rangi ya majani makavu.
Aliona aibu kuipeleka.
Akaipeleka.

Taqiyya aliishika mbali, akaileta karibu,
akaweka kidole juu ya sikio.
"Ndiye. Nilikuwa nikimvuta hapa akikataa kuamka."
Kisha akauliza, macho yangali kwenye karatasi:
"Na nusu ya pili?"

Ghamdan alikuwa na majibu kuhusu mwanga,
kuhusu lenzi, kuhusu hatari ya mahali aliposimama.
Alisema, "Sikurudi nyuma, mama."

Siku hizi mhariri analalamika:
picha zako zina watu wengi mno,
jicho halijui litue wapi.
Ghamdan husoma, huzima simu kulinda chaji,
huenda kwenye foleni.
Hurudi kinyumenyume mpaka mgongo ugonge tofali,
huangalia kwanza pembeni: muuza betri,
mtoto wa kandambili moja,
mzee aliyegeuka kutafuta kifuniko cha dumu lake.

"Sogea ndani kidogo, ami. Kidogo tena. Hapo."
"Naruhusiwa kucheka?"
"Cheka."