Bega la Kushoto

Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia.
Si ugonjwa. Ni posta.
Miaka thelathini na moja lilibeba mkoba:
bili za umeme, wito wa mahakama, pensheni za wajane,
na kadi za Pasaka zilizochelewa njiani
zikafika na picha ya kifaranga, watu wameshasahau mayai.

Sasa nimestaafu. Barafu ya mto Narew ilipasuka juzi usiku
kwa kishindo cha kabati la vyombo linaloanguka,
na asubuhi Mirka akagonga dirisha langu.
"Bronka, toka! Jua hilo."
"Tunakwenda wapi?"
"Hatuendi popote. Tunatembea."

Nikakaa na neno hilo huku nikifunga kamba za viatu.
Nimekwenda sana mimi.
Nimekwenda kwenye theluji ya kufika magotini,
nimekwenda na homa, nimekwenda siku niliyomzika mama,
kwa maana bili hazina matanga.
Kutembea, hapana. Kutembea sikuwahi.

Tulikutana mbele ya kituo cha zimamoto, watu sita.
Zenon ana fimbo mbili mpya, zawadi ya mwanawe,
anazichoma ardhini kama anayetafuta bomba la maji lililopasuka.
Daktari kamwandikia hatua elfu nne; anazihesabu kwa sauti,
na ukimsalimu anapotea, anaanza tena mia tatu.
Kazimiera amebeba mayai ya kuchemsha
na chumvi ndani ya kibiriti.

Njia inapita juu ya tuta. Kulia na kushoto malisho yamezama,
uzio unachungulia majini, nguzo kwa nguzo.
Vijana wawili wamejitwika mtumbwi kichwani, juu chini,
mdudu mmoja wa miguu minne anayecheka.
Mierebi imetoa manyoya yake ya kijivu,
na Mirka, mwenye miaka sitini na tisa,
anasimama kuyapapasa kwa shavu, hana haya.

Lakini miguu yangu, jamani!
Kila geti inakata kona yenyewe.
Namba tisa, namba kumi na moja, nawarudisha njiani kama mbuzi.
Kwenye namba kumi na nne nikashindwa.
Nikasimama. Mkono ukashuka ubavuni
kutafuta mkoba usiokuwepo.

Mbwa akaja mbio, mjukuu wa yule aliyenirarulia suruali.
Akaninusa. Hakubweka.
Mtu asiye na mkoba si kazi yake.
Na mlango ukafunguka, mama Sawicka na aproni yake:
"Kuna barua?"
"Hakuna. Natembea tu."

Akanitazama kwa muda mrefu.
Kisha akaingia ndani, akafunga.
Zenon alikuwa ameshafika mia nane na kumi, akasema twende,
nami nikajiona mjinga, kumtoa mtu jikoni kwa bure.
Hatujapita banda la kuku, tukasikia nyuma yetu
chwa, chwa, chwa:
gambuti za marehemu mumewe, kubwa mno,
amezijaza magazeti kwenye vidole.

Tukawa saba.

Alishika kiwiko changu cha kushoto.
Miaka arobaini hajavuka daraja ila kwenda kanisani,
basi akawa anauliza, nyumba kwa nyumba, nani anakaa hapa,
na hapa, na pale penye bati la kijani?
Nilimtajia majina yote, hata ya paka.
Walichoandikiwa sikumwambia; barua ya mtu ni ya mtu.

Ila korongo wa juu ya nguzo ya umeme,
aliyerudi jana na kuanza kutupa chini vijiti vya mwaka jana,
anataka kujenga upya, hataki viraka,
huyo nilimsimulia kuanzia mwanzo,
naye akacheka mpaka gambuti moja ikamvuka matopeni.