Kumi Katika Mia

Miaka thelathini na mmoja nilikaa dirisha la pili,
posta ya Machynlleth,
nikipima vifurushi vya watu wengine:
soksi za mjukuu aliyeko Toronto,
meno ya bandia yaliyosahauliwa hotelini,
barua ambazo, kwa uzito wake tu, nilijua zimebeba talaka.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama stempu ina faida.
Walilipa, wakatoka, mvua ikawapokea mlangoni.

Posta ikafungwa. Nikaandika riwaya:
maiti ndani ya tanuri la chokaa, mwaka wa theluji kubwa,
na mjane ambaye hakulia inavyotakiwa.
Nikaiita Tanuri la Mwisho.
Wachapishaji tisa walinijibu kwa adabu.
Wa kumi hakunijibu, na huyo ndiye niliyemheshimu.

Tegid Pughe, aliyefundisha hesabu hadi koo likamkauka,
ameandika juzuu nne za reli zilizong'olewa.
Hupakia mwenyewe, duka kwa duka,
kila duka na nywila yake, fomu yake ya kodi, kiburi chake.
"Msambazaji ni kupe," aliniambia,
akikoroga chai isiyo na sukari wala maziwa.
"Duka linakata theluthi, sawa, duka lina rafu.
Huyu wa kati anakata kumi katika mia kwa kazi gani?
Kwa kubonyeza?"
Nikasema: mimi pia nililishwa na kubonyeza.
Muhuri, tarehe, puu.
Akanyamaza, akaendelea kukoroga.

Basi nikawapa faili langu. Usiku mmoja tu,
maduka thelathini na saba,
na maktaba za miji nisiyoweza kuitamka.
Nililala kama mzazi aliyeoza mabinti thelathini na saba kwa mpigo.

Asubuhi nikajitafuta. Nikajikuta rafu ya mapishi.
Tanuri, walidhani.
Kati ya mkate wa shayiri na keki za Pasaka,
maiti yangu.
Nikalalamika. Likaja jibu lisilo na mwandishi:
tumepokea, tutashughulikia, siku thelathini za kazi.
Dirishani kwangu ungeweza kunipigia kelele,
ungejua naitwa Eluned na mafua yangu hayaponi.
Hapa unaupigia kelele ukuta, na ukuta una sera.

Wiki sita. Humo zikauzwa nakala kumi na moja,
kuliko Tegid mwaka mzima na injini zake za mvuke.
Mmoja, sijui wa wapi, aliacha maneno haya:
Hakuna hata kipimo kimoja cha unga. Sikulala hadi alfajiri.
Nyota nne.

Kisha wakanihamisha. Sasa nipo mahali pangu halali,
miongoni mwa wauaji elfu themanini,
na hakuna anayenijia kwa kupotea njia.

Ripoti huja kila mwisho wa mwezi.
Saskatoon, maktaba, kimeazimwa mara moja: peni arobaini na mbili.
Tallinn, kimoja.
Napier, kimoja, kikarudishwa.
Miji ipo, watu hawapo,
na hilo linaniuma kuliko ile kumi katika mia.
Posta niliujua mkono unaotuma.
Huku silijui hata jicho linalopokea.
Lakini Napier! Mimi sijawahi kuvuka Birmingham.

Jumamosi Tegid alikuja na daftari lake la mistari ya kijani.
Amechoka. Duka moja limebadilisha fomu,
jingine limefungwa bila kuaga.
Akaniuliza, kama anayeulizia ugonjwa wa mtu mwingine,
je, kuna faida?
Nikamwonyesha salio: pauni kumi na nne na peni tisini.
Hawalipi hadi zifike ishirini.
Niulize zikifika, nikamwambia,
nikamsogezea kiti karibu na kompyuta.

Akavaa miwani. Akaanza kuandika jina lake
kwenye kisanduku cha kwanza, polepole,
kwa kidole kimoja cha mwalimu.
Tulipofika penye Aina ya Kitabu
akanigeukia.

"Mapishi," nikasema.