Ngoja Nikungoje

Daraja la Garmerveen niliandika mimi.
Si chuma chake wala zege: amri zake.
Kizuizi kishuke, daraja liinuke,
tishari lipite na mzigo wake wa viazisukari,
daraja lilale tena, magari yaendelee Groningen.
Majaribio elfu tisa. Yote yalipita.
Nikanunua keki, tukaila ofisini tumesimama.

Kisha akaja Froukje Dijkema,
chaki ya manjano mfukoni mwa koti la mvua.
Hakuuliza programu inafanya nini.
Aliuliza: "Nani anamngoja nani?"

Akachora kiduara: kizuizi kimesimama.
Kiduara: kizuizi kimelala.
Mshale, na juu ya mshale, ujumbe.
Pembeni daraja, nalo na viduara vyake.
Kisha akaviacha vitembee pamoja,
hatua ya huyu, hatua ya yule,
au ya yule kwanza, au mbili za huyu mfululizo,
kila mfuatano unaowezekana, hata ule wa kipuuzi,
mpaka ubao ukajaa, tukahamia kwenye kioo cha dirisha.

"Majaribio yako," alisema, "yanazijua siku zilizopita.
Mimi nazitaka ambazo hazijazaliwa."

Hali elfu arobaini na moja.
Mashine ikazichambua usiku kucha, punje kwa punje,
asubuhi ikatema karatasi moja.
Niliisoma kwa kidole.

Hatua ya tisa: tishari linapiga honi.
Ya kumi: gari la wagonjwa linatokea kusini.
Ya kumi na moja: daraja linangoja
kizuizi kiseme *nimeshuka*.
Ya kumi na mbili: kizuizi kinangoja
daraja liseme *nimeghairi*.
Ya kumi na tatu hakuna.

Hakuna aliyekosa. Hicho ndicho kilichoniuma.
Ningemkuta mjinga humo ndani, ningemfukuza.
Nilikuta waungwana wawili mlangoni,
tangulia, hapana, tangulia wewe,
na nyumba inaungua.

Ndipo nikamkumbuka Geert Bolhuis, mlinzi wa daraja.
Alipiga simu Novemba, akapiga tena Februari:
"Limenyamaza. Nimezima, nimewasha, limeamka."
Nilimjibu ni baridi.
Nikaandika daftarini: baridi.
Mara mbili. Kwa mwandiko wangu.

Nilitaka kuongeza saa: ukingoja sekunde tano, achia.
"Wataachia pamoja," alisema Froukje,
"na pamoja watashika tena, na tena wataachia.
Hiyo si dawa. Hiyo ni ngoma."
Tukaweka utaratibu: kizuizi huombwa kwanza,
na kila mwenye haja, mwenye honi, mwenye king'ora,
aanzie hapo hapo.
Mstari mmoja ulihama ukakaa juu ya mwenzake.
Kazi ya miaka miwili, na kosa lake lilikuwa
nani kasimama mbele ya nani.

Mashine ikachambua tena.
Hali elfu ishirini na sita,
hakuna hata moja iliyokosa pa kutokea.

"Sijathibitisha kwamba halitaharibika,"
alisema akifuta dirisha kwa mkono wa koti.
"Chuma ni chuma. Nimethibitisha tu
kwamba halitakufa kwa kungoja."

Jumatano nilikwenda Garmerveen kwa baiskeli, upepo usoni.
Nilimwambia Geert haikuwa baridi.
Alinisikiliza mpaka mwisho,
akanipa pipi nyeusi ya chumvi, akageukia mfereji.
Tishari lilikuwa linakuja, zito, bila haraka.
Kizuizi kikashuka.
Nilihesabu. Sikupumua.

"Ile ya Novemba," alisema,
"ndani ya gari alikuwamo mke wa Wubbo.
Lilizunguka kwa daraja la juu.
Dakika kumi na nane."

Sikuuliza lilifika vipi.
Mbele yetu barabara ilipasuka katikati,
ikaanza kuinuka.