Ndani, Hakuna Mtu

Katibu wa parokia aliitoa kwenye bahasha ya kaki,
akailaza juu ya daftari la zaka:
picha ya kwanza ya kanisa letu la Ilomelo,
nusu siku kwa baiskeli kutoka Tabora mjini.
Nyeupe yake imegeuka chai ya maziwa
na pembe moja imeliwa na mchwa.

Nguzo kumi za mninga. Nimezihesabu mara mbili.
Sakafu ya udongo, benchi hata moja hakuna;
walikaa chini, wanawake kushoto, wanaume kulia,
katikati njia ya kupitisha jeneza.
Altareni mishumaa sita, nta ya nyuki wa pori letu,
mzinga wa nani, hakuna aliyeandika.
Dirisha la mashariki limeungua:
jua lilishinda kamera, likatoboa ukuta.

Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa msomi:
*Kanisa, ndani. Hakuna mtu.*

Sasa tazama hapa, nguzo ya nne.
Nilidhani ni doa, nikalipangusa kwa kidole gumba.
Halikutoka.
Ni kama mvuke wa sufuria ya mihogo,
na chini ya mvuke, nyayo mbili,
pekupeku, zimekita,
vidole vyote kumi vinahesabika.

Kamera za siku zile zilifumbua jicho polepole,
mtu angemaliza Salamu Maria nzima.
Aliyetulia alibaki. Aliyetikisika alifutika.
Nguzo zilitii.

Bibi Nyanzala hakutii.
Zamu ya wakatekumeni ilikuwa yake asubuhi ile.
"Waliniambia nisimame. Nikisimama, nani afagie?
Kengele ya pili ilikwishalia."
Kila Krismasi alituambia: mimi nimo kwenye picha ya padri.
Nasi tulikonyezana, tukamwongezea wali,
tukasema uzee huo.

Miguu haikuondoka. Ni mgongo uliokwenda na kurudi,
mikono, ufagio, kitambaa cha kichwa,
vyote vikawa ukungu.

Katibu anataka kufunga ofisi.
Namwomba penseli.
Ananiuliza kama nataka kufuta maandishi ya watu.
Hapana, sifuti kitu. Naongeza tu mbele ya nukta,
isomeke: *Hakuna mtu asiye na kazi.*

Anakuna kidevu. Anafungua droo.
Penseli ipo, ila imekatika ncha.
Tunatafuta wembe.