Kifungu cha Tisa

Mkataba wangu kurasa mbili, mhuri wa buluu.
Kifungu cha tisa: mchezaji si mfanyakazi,
apewe posho, klabu ikijaliwa.

Alfajiri tunakimbia Mwembeyanga, vumbi likitutangulia,
jioni tena. Usiku basi la Songea,
kichwa changu juu ya gunia la mipira.
Saa hizo hazina jina.
Nikapewa elfu tatu na maji ya kandoro.

Katibu Mng'ong'o akacheka:
"Si unacheza wewe? Kucheza nako kazi?"

Mama Shamte wa genge hajasoma kifungu.
Daftari lake limeniandika:
Likwata, kipa. Mchele kilo mbili, mafuta ya kupima.
Jana kafunga kalamu, kanitazama viganja:

"Ile penalti uliyodaka juzi,
ina kilo ngapi?"