Nyembe Ukutani

Nilivunja ukuta wa bafu mwezi wa Februari.
Duluth, ziwa limekuwa gumu kama sahani,
bomba limepasuka kwa baridi, sina la kufanya ila nyundo.
Nilipong'oa kabati la dawa, lile la bati,
zikamwagika.
Nyembe.
Si kumi, si mia. Nilichota kwa koleo la theluji
zikajaza ndoo ya rangi mpaka shingoni,
zina kutu, zimegandana kama magamba ya samaki.

Marlys akasema mlangoni, "Usiguse kwa mkono."
Nilikuwa nimekwisha kugusa.

Mgongoni mwa kabati palikuwa na tundu
jembamba kama la kisanduku cha sadaka.
Hapa alikaa Eino Kangas kabla yetu,
mpakiaji wa madini ya chuma gatini.
Miaka arobaini na miwili alitumbukiza,
mmoja kila wiki. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti,
nikafika elfu mbili mia moja na themanini na kitu,
nikaacha. Nilianza kuona kidevu chake.

Mimi nilikuwa mtu wa vichwa vya plastiki,
makali matano yamepanga foleni kwenye shavu moja.
Dukani wanavifungia kwa kioo na kufuli,
unamwita kijana mwenye ufunguo
kana kwamba umekuja kununua pete.

Jumamosi nikaenda kwa Orville, muuza vya kale.
Dola kumi na mbili: mashine ya shaba, nzito,
ukizungusha kitako chake mabawa hufunguka
kama mende anayefikiria kuruka.
"Usisukume," akaniambia. "Uzito wake unaijua kazi."

Nikasukuma.

Damu mahali pane: chini ya sikio,
kidevuni mara mbili, na pale kwenye kikoromeo
ambapo mtu humeza aibu yake.
Nilikwenda kazini na vipande vya karatasi usoni
kama bahasha iliyotoka mbali.
Msimamizi hakusema kitu. Alikunywa kahawa yake taratibu.

Kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata.
Mimi si kinyozi, na nilijikata vilevile.

Nina miaka arobaini na sita
na sikujua ndevu zangu zinaelekea wapi.
Shavuni zinashuka, sawa,
lakini shingoni, upande wa kushoto, zinajizungusha
kama maji yanayotafuta tundu la sinki.
Nilizipapasa gizani kwa vidole, kitandani,
Marlys akauliza kama jino linaniuma.

Kisha sikio likajifunza kabla ya mkono.
Ukikosea pembe, kimya.
Ukiipata, kuna mkwaruzo mdogo mkavu,
kama jirani anayekwangua barafu kwenye kioo cha gari
nyumba ya tatu, kabla hakujakucha.
Nikawa naufuata mkwaruzo huo tu.
Maji ya moto, povu, brashi ikizunguka,
mpini umeshikwa kwa vidole vitatu kama kitu cha mtu mwingine.
Mwisho jiwe la shabu. Linauma penye kosa peke yake,
na mwezi wa Machi liliuma mahali pamoja.

Fundi wa plasta alitaka kuziba tundu.
Nikamwambia aliache.
Akanitazama, akatazama ndoo, akaendelea kuchanganya.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.
Wangu alinyolewa mbele ya bati hilihili,
zamu ya alfajiri, meli zikipiga honi kwenye ukungu,
nami ndio kwanza nazitia maji.

Wembe wangu wa kwanza ulipokuwa butu
niliufuta, nikausogeza kwenye tundu, nikauachia.
Uligonga ubao mara moja, chini kabisa.
Nilingoja kidogo, sijui nikingoja nini.

Marlys akapita na taulo,
akaniwekea kidole chini ya taya.
"Umesahau hapa," akasema.

Ni hapo hapo kila siku.